Mbiu ya Mgambo Ndani ya Kompyuta: Namna Keneli Inavyogawa Makatizo kwa Prosesa

Kompyuta yoyote inayofanya kazi, iwe ni seva iliyofungwa katika chumba cha mitambo mjini Moshi au ni simu iliyo mfukoni mwa mpagazi anayepanda kuelekea kituo cha Horombo mlimani Kilimanjaro, huachishwa kazi iliyo nayo mamia na hata maelfu ya mara kwa kila sekunde, ikahudumia jambo jingine lisilosubiri, kisha ikarejea pale pale ilipoachia bila mtumiaji kuhisi lolote. Mwito unaoiachisha kazi huitwa katizo, na hutoka kwa vifaa vilivyoungwa na kompyuta: kibodi iliyobonyezwa, diski iliyomaliza kusoma data iliyoagizwa, kadi ya mtandao iliyopokea ujumbe, au saa ya ndani inayopima vipindi vya muda. Zamani, kompyuta ilipokuwa na prosesa moja tu, yaani kitengo kimoja cha kutekeleza amri za programu, hapakuwa na swali juu ya nani aitike mwito huo. Leo hata simu ya bei nafuu ina viini vinne au vinane ndani ya kipande kimoja cha silikoni, kila kiini kikihesabiwa kuwa prosesa kamili, na kwa kila katizo lazima pawe na uamuzi wa prosesa ipi iache kazi yake na zipi ziendelee bila kusumbuliwa. Uamuzi huo, ambao watumiaji wengi hawajui hata kama upo, ndio mara nyingi unaotofautisha seva inayohudumia watu wengi kwa utulivu na seva inayosuasua ilhali sehemu kubwa ya nguvu yake imelala.

Makatizo yalibuniwa ili kuepuka upotevu. Bila katizo, prosesa ingelazimika kuvizungukia vifaa vyote wakati wote ikiviuliza kama vina jambo, mithili ya mkulima wa Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambaye angepanda hadi kwenye banio la mto kila baada ya dakika chache kutazama kama maji yamefunguliwa, asipate nafasi ya kupalilia migomba wala kuchuma kahawa. Palipo na katizo, mkulima hubaki kihambani, yaani katika shamba lake la nyumbani, na kazi yake, naye huitwa maji yakifika. Wahenga waliposema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, walikuwa wanaeleza makubaliano ya aina hiyo hiyo: kila mtu aendelee na shughuli zake kwa amani, kwa kuwa ipo sauti moja ambayo ikisikika humlazimu aliyeisikia kusimama. Wahandisi wa kompyuta walilifikia wazo hilo katika miaka ya 1950, na tangu wakati huo hakuna kompyuta ya matumizi ya kawaida iliyoweza kuliacha.

Anayesimamia mbiu hiyo ni keneli. Keneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayogusa vifaa moja kwa moja, inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa kwa programu, na ambayo programu nyingine zote huiomba ruhusa kabla ya kufanya jambo lolote linalohusu mashine. Mfano utakaotumika zaidi katika makala haya ni keneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kwa sababu ndiyo inayoendesha seva nyingi za intaneti pamoja na simu zote za Android. Wasomaji wa Kiswahili si wageni kabisa wa ulimwengu huo, kwani mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ile, ambayo bado inastahili shukrani, iligusa menyu na vidirisha vinavyoonekana kwenye skrini; yanayotendeka chini yake, ndani ya keneli, yamebaki karibu bila maneno ya Kiswahili, na ukosefu huo wa maneno ni sababu mojawapo ya mafundi wengi kuyaona kuwa mambo ya wageni.

Katizo linapoifikia prosesa, mambo hufuatana kwa utaratibu usiobadilika. Prosesa humalizia amri iliyo mkononi, huhifadhi mahali ilipofikia, husoma namba iliyokuja na katizo, hutafuta namba hiyo katika jedwali lililoandaliwa na keneli, kisha huruka hadi kwenye kipande cha programu kilichoandikwa kwa ajili ya kifaa kilichoita. Kipande hicho hutakiwa kiwe kifupi mno, kwa kuwa wakati kinatekelezwa prosesa hiyo kwa kawaida haisikii makatizo mengine, na kwa hiyo keneli imegawa huduma katika sehemu mbili: ya kwanza hukiri tu kwamba mwito umesikika na kuandika kumbukumbu ya kazi iliyobaki, na ya pili, ambayo ndiyo kubwa, hufanywa muda mfupi baadaye. Jambo la kushika hapa ni kwamba katika Linux sehemu hiyo ya pili kwa kawaida hufanywa na prosesa ile ile iliyopokea katizo. Anayeamua katizo liende wapi anaamua pia, kwa kiasi kikubwa, ni prosesa ipi itakayobeba mzigo wote unaofuata.

Mzigo huo si mdogo. Kiungo cha mtandao chenye kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, ambacho kwa sasa ni cha kawaida katika ofisi na vyuo, kikijaa pakiti za ukubwa wa juu kabisa huleta pakiti zipatazo 81,000 kila sekunde, pakiti ikiwa ni kifurushi kidogo cha data kinachosafiri peke yake mtandaoni. Kikijaa pakiti ndogo kabisa huleta karibu milioni 1.49. Katika hali hii ya pili, prosesa inayopiga mizunguko bilioni 3 kwa sekunde hubakiwa na mizunguko ipatayo 2,000 tu kwa kila pakiti. Idadi hiyo huonekana kubwa, lakini hupungua upesi ikikumbukwa kwamba kusoma neno moja kutoka kumbukumbu kuu huweza kugharimu mizunguko 200 au 300.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo ndiyo mama wa kompyuta nyingi za mezani zilizofuata, ilikuwa na kidhibiti cha makatizo cha Intel kilichoitwa 8259, kipande kidogo cha silikoni chenye njia 8 za kupokelea miito. Mwaka 1984 vidhibiti viwili viliunganishwa na kupatikana njia 15 zinazotumika. Njia zote zilielekea kwa prosesa moja, na vifaa vilipozidi njia, viwili au vitatu vilichangia njia moja, kila mwito ukiilazimu keneli kuviuliza kimoja kimoja ni kipi kilichoita. Mabadiliko ya msingi yalikuja katika miaka ya 1990, Intel ilipotoa kanuni za kompyuta zenye prosesa nyingi pamoja na kidhibiti cha aina mpya kilichogawanyika katika sehemu mbili: sehemu moja ndogo ndani ya kila prosesa, na sehemu nyingine ya pamoja iliyopokea miito ya vifaa, kwa kawaida kupitia njia 24. Kila njia kati ya hizo ilikuwa na rejista yake, yaani kisanduku kidogo cha kuandikia namba, na ndani yake keneli iliandika mambo mawili makubwa: namba ya katizo na prosesa inayotakiwa kulipokea. Tangu siku hiyo swali la nani aitike likawa swali halisi, na jibu lake likawa mikononi mwa waandishi wa keneli.

Watu wa miteremko ya Kilimanjaro wamelijibu swali linalokaribiana na hilo kwa karne kadhaa. Mito inayoshuka kutoka mlimani, kama Karanga, Weruweru na Kikafu, hupita katika mabonde yenye kina kirefu, wakati vihamba viko juu ya migongo ya ardhi iliyo kati ya mabonde hayo, na ndiyo maana Wachaga walichimba mifereji inayoitwa mifongo, inayochukua maji mbali juu mtoni na kuyapitisha kando ya mteremko hadi kwenye makazi. Wasafiri wa Ulaya waliofika katika karne ya 19 waliikuta mifongo hiyo ikifanya kazi na waliistaajabia. Ustadi wake haukuwa katika kuchimba peke yake. Ulikuwa pia katika mgawo: ukoo uliouanzisha mfereji ulikuwa na haki zake, wengine walipewa zamu za saa maalumu, na asiyeshiriki msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha na kukarabati mfereji, aliweza kunyimwa zamu. Mgawo huo haukuwa wa usawa wa kuhesabu vichwa, kwa kuwa maji yanayosafirishwa mbali hupotelea ardhini njiani, na kuyahamisha kila baada ya muda mfupi kutoka tawi moja la mfereji hadi jingine huyapoteza zaidi, maana kila tawi lililokauka lazima lilowe kwanza kabla ya kupitisha tone.

Ulinganisho huu una mpaka wake, nao unafaa kutajwa mapema. Maji ni neema ambayo kila kihamba hutamani kufikiwa nayo, ilhali katizo ni mzigo. Kwa upande huo linafanana zaidi na mwito wa msaragambo kuliko na maji yenyewe. Tena maji hugawanyika, lakini katizo moja hupokewa na prosesa moja nzima. Hata hivyo, hasara ile ya tawi lililokauka inapatikana ndani ya kompyuta karibu kama ilivyo, na bila kuielewa haiwezekani kuelewa kwa nini ugawaji wa makatizo umewasumbua wataalamu kwa muda mrefu.

Kila prosesa ina ghala dogo la kumbukumbu lililo karibu nayo sana, linaloitwa kache, ambamo huweka nakala ya vitu ilivyovitumia karibuni. Kilichomo ndani ya kache hupatikana kwa nanosekunde moja au zaidi kidogo, na kisichomo lazima kifuatwe kwenye kumbukumbu kuu kwa muda mrefu mara nyingi zaidi. Prosesa iliyohudumia kadi ya mtandao sasa hivi ina ndani ya kache yake maelekezo ya programu ya kadi hiyo, orodha ya pakiti zake na hali ya mazungumzo yanayoendelea. Katizo linalofuata la kadi ile ile likienda kwa prosesa nyingine, vyote hivyo lazima vihamishwe, na prosesa ya pili huanza kazi mfereji ukiwa mkavu. Kwenye seva kubwa zenye soketi mbili, yaani nafasi mbili za kuchomekea prosesa, ambapo kila kundi la prosesa lina kumbukumbu yake na kadi imeungwa upande mmoja, safari huwa ndefu zaidi.

Kwa hiyo njia inayoonekana kuwa ya haki kuliko zote, ya kuzungusha kila katizo kwa zamu kutoka prosesa ya kwanza hadi ya mwisho, imethibitika kuwa mbaya kwa kazi za mtandao. Huongeza uhamishaji wa data kati ya kache, na pia huvuruga mpangilio, kwa kuwa pakiti mbili za mazungumzo yale yale zikishughulikiwa kwa wakati mmoja na prosesa mbili tofauti, ya pili inaweza kumalizika kabla ya ya kwanza, na programu inayopokea italazimika kuzipanga upya. Njia ya upande wa pili, ya kuyaelekeza makatizo yote kwa prosesa ya kwanza, huhifadhi kache na mpangilio, lakini prosesa hiyo ikielemewa, nyingine saba au kumi na tano hubaki zikitazama. Busara iko kati ya hizo mbili: kila chanzo cha makatizo kipewe prosesa yake, kikae hapo kwa muda wa kutosha, na vyanzo vyenye kelele vitenganishwe.

Nani basi afanye upangaji huo? Kwa miaka kadhaa keneli ya Linux ilikuwa na kisawazishaji chake cha ndani kwa prosesa za Intel za biti 32, lakini mwaka 2008 kiliondolewa, na kazi ikabaki kwa programu ya nje inayoitwa irqbalance. Programu hii huamka kila baada ya sekunde 10, husoma hesabu za makatizo na mzigo wa kila prosesa, hutazama ramani ya kache na kumbukumbu, kisha huiagiza keneli ihamishe vyanzo fulani. Ipo mantiki katika utengano huo, na mkazi wa Moshi ana mfano wake karibu. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye makao yake mjini humo, hutoa vibali vya matumizi ya maji kwa bonde zima, lakini haifungui banio la mfereji wowote kwa mikono yake. Anayefungua ni mtu wa mfereji. Keneli ndiyo inayoshika banio, kwa kuwa ndiyo pekee iwezayo kuandika kwenye rejista za kidhibiti kwa usalama, na sera ya nani apate nini huweza kubadilishwa nje yake bila kuivunja.

Mabadiliko mengine makubwa yalitokea kwenye vifaa vyenyewe. Badala ya kutumia waya maalumu wa kuitia, vifaa vya kisasa hutuma katizo kama ujumbe, yaani huandika namba fulani kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, na anwani hiyo ndiyo inayotaja prosesa inayokusudiwa. Katika kanuni ya mwanzo kifaa kimoja kiliruhusiwa kuwa na ujumbe wa aina 32; katika kanuni iliyofuata kikaruhusiwa hadi 2,048. Hapo kadi za mtandao zikaweza kuwa na foleni nyingi za kupokelea, kila foleni na katizo lake, na kila katizo na prosesa yake. Ili pakiti za mazungumzo mamoja zisitawanyike, kadi hufanya hesabu inayochanganya anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji na namba za milango ya mawasiliano yao, na jibu la hesabu hiyo huchagua foleni. Mazungumzo mamoja hutoa jibu lile lile daima, hivyo pakiti zake hufuata mfereji mmoja kuanzia kwenye kadi hadi kwenye prosesa, wakati mazungumzo mengine elfu moja yanatawanyika kwenye mifereji mingine. Huu ni ubunifu wa hali ya juu, kwa sababu uamuzi wa mgawo umesogezwa hadi kwenye banio lenyewe, kabla prosesa yoyote haijasumbuliwa.

Wingi huo ulizaa tatizo lake. Prosesa za familia ya Intel zina namba 256 za makatizo kwa kila moja, ambazo huitwa vekta; 32 za mwanzo zimetengwa kwa hitilafu za prosesa yenyewe, nyingine chache hutumiwa na keneli kwa shughuli zake, na zinazobaki kwa vifaa ni takriban 200. Seva yenye kadi kadhaa za foleni nyingi inaweza kuzimaliza, hasa inapojiandaa kulala na kuzima prosesa zake zote isipokuwa moja, ambapo makatizo ya mashine nzima hukimbilia kwenye prosesa hiyo moja na kukosa nafasi. Mwaka 2017 Thomas Gleixner, msimamizi Mjerumani wa sehemu hiyo ya keneli, aliandika upya utaratibu wote wa kugawa vekta, na kazi yake ikaingia katika toleo la 4.15. Tangu hapo keneli inapopewa katizo jipya hulitafutia prosesa yenye vekta nyingi zilizo wazi na kulikabidhi kwa prosesa hiyo peke yake. Msomaji azingatie kinachohesabiwa hapo, kwa maana ndipo mafundi wengi hupotoshwa: keneli hutazama idadi ya nafasi na haitazami ukubwa wa kazi. Katizo la kibodi inayobonyezwa mara chache kwa dakika na katizo la kadi inayopokea maelfu ya pakiti kwa sekunde huhesabiwa sawa, kama mzee wa mfereji ambaye angegawa zamu kwa kuhesabu nyumba bila kutazama ukubwa wa mashamba.

Upo pia mkondo wa makatizo ambao keneli haimruhusu msimamizi wa mashine auguse. Diski za kisasa zenye kasi kubwa huwa na foleni kwa kila prosesa au kwa kila kundi dogo la prosesa, na kuanzia mwaka 2016 keneli ilianza kuyapanga makatizo ya vifaa vya namna hiyo yenyewe. Anayejaribu kuyahamisha hukataliwa. Uamuzi huo ni sahihi, kwa kuwa ombi lililotoka kwa prosesa fulani lijibiwe kwa prosesa hiyo hiyo ndilo kusudi zima la kuwa na foleni nyingi.

Hata mgawo mzuri hauna maana mbiu ikipigwa kupita kiasi. Mwaka 1996 Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan walichapisha uchunguzi wa hali ambayo kompyuta inayomiminiwa pakiti hutumia muda wake wote kuitika makatizo, ikazipokea pakiti na kuzitupa kwa kukosa muda wa kuzifanyia kazi, hata ikaonekana kuwa hai ilhali haizalishi chochote. Linux iliponywa ugonjwa huo katika miaka ya mwanzo ya 2000 kwa utaratibu ambao katizo la kwanza huiamsha keneli, kisha keneli huinyamazisha kadi na kuchota pakiti yenyewe kwa mafungu ya hadi 64, na kuiruhusu kadi iite tena foleni ikiwa tupu. Mkulima wa Kibosho aliyeachishwa kupanda banioni kila mara anarudishwa huko kwa makusudi siku ya mafuriko, kwa kuwa siku hiyo kwenda kutazama mwenyewe kuna nafuu kuliko kuitwa kila dakika.

Kwenye simu hesabu hugeuka. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilizindua intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kwa simu inayobebwa siku kadhaa mlimani mbali na soketi ya umeme, kilicho adimu ni chaji. Prosesa za simu nyingi ni za usanifu wa ARM na huwa za aina mbili ndani ya kipande kimoja, ndogo zinazotumia umeme kidogo na kubwa zenye nguvu. Keneli kwa kawaida huelekeza makatizo ya vifaa kwa prosesa ya kwanza katika orodha, ambayo mara nyingi ni mojawapo ya zile ndogo, na desturi hiyo inayolaumiwa kwenye seva huwa na manufaa hapa: kuiamsha prosesa kubwa kwa ajili ya ujumbe mmoja wa maandishi ni kupoteza umeme ambao mpagazi ataukosa usiku wa baridi.

Kwenye seva ya Linux, hali ya mgawo wote uliotajwa husomeka katika faili moja liitwalo /proc/interrupts. Kila mstari ni katizo moja, kila safu ni prosesa moja, na jina la kifaa limeandikwa mwishoni mwa mstari. Namba zilizomo ni jumla ya tangu mashine ilipowashwa, kwa hiyo kusoma mara moja hakutoshi. Hutakiwa kusoma mara mbili kwa tofauti ya dakika moja hivi na kutazama kilichoongezeka. Ikionekana kwamba ongezeko lote la kadi ya mtandao limeangukia safu moja na prosesa ya safu hiyo haina nafasi ya kupumua, hatua ya kwanza ni kuangalia kama irqbalance inafanya kazi, na kama kadi ina foleni zaidi ya moja ambazo hazijawashwa. Anayetaka kupanga kwa mkono huandika namba katika faili la katizo husika chini ya /proc/irq, ambapo 1 humaanisha prosesa ya kwanza, 2 ya pili, 4 ya tatu, 8 ya nne, na f humaanisha prosesa zote nne kwa pamoja. Lakini aisimamishe irqbalance kwanza au aielekeze iliache katizo hilo, la sivyo kazi yake itafutwa. Kwa kadi nafuu zenye foleni moja, ambazo ndizo nyingi katika taasisi zisizo na fedha nyingi, kuna njia iliyochangiwa na wahandisi wa Google mwaka 2010, ambapo prosesa iliyopokea katizo hufanya kazi ndogo ya kuchambua tu, kisha hugawia prosesa nyingine pakiti zilizobaki kwa kuziita kwa katizo la ndani. Njia hii haiponyi kila kitu, lakini kwenye kiungo cha gigabiti 1 mara nyingi hutosha.

Tangu nyaya za chini ya bahari zilipoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na mkongo wa taifa ukaunganisha mikoa, vyuo, hospitali na vyama vya ushirika vya Kilimanjaro vimekuwa na viungo ambavyo seva za zamani hazikupangwa kuvipokea. Seva ya namna hiyo inapoanza kusuasua, ni rahisi kudhani kwamba mashine imechoka. Mafundi wanaozitunza seva hizo wanaombwa, kabla ya kuandika barua ya kuomba fedha za mashine mpya, walifungue faili la /proc/interrupts na kuzisoma safu zake. Halihitaji leseni wala programu ya kununua, na limo katika kila seva ya Linux.